Uso wa Maskini ni Amana

Bwana wetu alipowaonya watu wasitoe sadaka kwa kupiga tarumbeta mbele yao, tarumbeta ya siku zile haikusikika hata ng'ambo ya kilima. Ililia kitambo, ikanyamaza, na upepo ukaichukua sauti yake. Tarumbeta ya siku zetu si hivyo. Ni simu ndogo ya mkononi. Picha iliyopigwa nayo asubuhi kijijini huonekana mjini adhuhuri, na jioni huonekana Ulaya na Marekani. Tena ikiisha kutoka, hakuna awezaye kuirudisha.

Mawazo haya yametujia kwa sababu ya mama mmoja aliyefika ofisini kwetu. Miaka saba iliyopita mvua zilikataa kijijini kwake, na chama kimoja cha hisani kikaja kugawa unga. Kabla ya kukabidhiwa fungu lake alisimamishwa mbele ya magunia yaliyoandikwa jina la chama, mwanawe mdogo ubavuni pake, kifua wazi, mbavu zikihesabika, wakapigwa picha. Hakukataa. Nani angekataa? Leo mtoto yule yumo kidato cha pili. Wenzake wameiona picha ile katika mtandao wa intaneti, nao humwita kwa jina la kile chama. Kijana amekataa kwenda shule.

Mama hakuja kuwalaumu waliompa unga; aliwashukuru mbele yetu mara tatu. Aliuliza neno moja tu: unga ule uliisha kwa majuma matatu, je, picha itaisha lini? Tulimsaidia kuandika barua, na wenye chama, kwa upole, waliiondoa picha yao na kuomba radhi. Lakini nakala zilikwisha kuenea kwa watu wasiojulikana. Maji yakimwagika hayazoleki.

Swali la mama huyo twataka kulifikiri leo pamoja nanyi, wasomaji wapenzi. Uso wa mtu aliyesaidiwa ni mali ya nani? Na jina lake, alama za vidole vyake, habari za ugonjwa wake na za watoto wake? Je, yeye ampaye mwenzake mkate amekwisha kuyanunua hayo yote kwa mkate ule?

Yatupasa kwanza kuwa watu wa haki. Hatuandiki ili kuvitukana vyombo vipya, kwani faida yake twaiona kwa macho. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Mwaka 2011 njaa ilipowapiga watu wa kaskazini mwa Kenya, Chama cha Msalaba Mwekundu cha nchi hiyo, pamoja na makampuni na wenye vyombo vya habari, kilianzisha mchango ulioitwa Kenyans for Kenya. Walikusudia kupata shilingi milioni 500; zikapatikana na kupita, kwa sababu hata mwenye vijisenti aliweza kuvituma kwa simu yake pale alipokaa. Tena mwaka 2015 Shirika la Chakula Duniani lilianza mpango wa Bamba Chakula katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Kwa mpango huo, badala ya kupewa chakula chote kwa kupimiwa, mkimbizi alipata sehemu ya haki yake kwa simu, akaenda dukani kuchagua mwenyewe alichopenda, kama mtu mwingine yeyote.

Hebu tulitazame jambo hili vema. Mama apokeaye msaada kwa simu nyumbani kwake hasimami juani mbele ya macho ya kijiji. Mtoaji naye aweza kutoa bila jirani kujua. Kwa chombo kile kile tulichokiita tarumbeta, mkono wa kushoto waweza kabisa usijue lifanywalo na mkono wa kuume. Chombo hakina kosa. Anayechagua kati ya siri na tarumbeta ni sisi.

Lakini wako watakaotujibu, na jibu lao lina uzito. Watasema: pasipo picha hakuna fedha, na pasipo fedha hakuna unga. Mwezi wa Oktoba 1984 televisheni ya BBC ilionyesha picha za njaa kutoka Korem, nchini Ethiopia. Mpiga picha alikuwa Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, naye mwandishi alikuwa Michael Buerk. Dunia ilishtuka, misaada ikamiminika, na mwezi wa Julai 1985 ikafanyika tamasha kubwa ya Live Aid huko London na Philadelphia. Ni nani athubutuye kusema kwamba picha zile zingefichwa?

Sisi hatusemi hivyo. Dunia ikiwa imelala, si dhambi kuiamsha. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya picha ya shahidi na picha ya risiti. Shahidi huonyesha shida ambayo watu hawaijui, ili waje kuokoa. Picha ya risiti hupigwa msaada umekwisha kufika, ili mtoaji aone jina lake juu ya gunia na kushangiliwa. Ikiwa kinachotakiwa ni hakika kwamba fedha hazikuliwa, dawa yake ni daftari la hesabu lililo safi, sahihi za wapokeaji, na mkaguzi asiyependelea. Mbavu za mtoto hazikaguliwi.

Wala si sisi wa kwanza kuyasema haya. Mwaka 1989 mashirika ya misaada ya Ulaya yalijiwekea kanuni juu ya picha na habari za watu wa nchi maskini. Mwaka 1994 Msalaba Mwekundu pamoja na mashirika mengine ulitoa kanuni 10 za mwenendo katika maafa, na ile ya 10 yafundisha kwamba waliopatwa na maafa waonyeshwe kama watu wenye heshima yao, si kama vitu visivyo na tumaini. Kanuni hizo ziliwekwa siku ambazo kamera ilibebwa na wachache. Leo kila mmoja wetu anayo mfukoni, na kanuni tumeziacha njiani.

Watasema tena: huyu mama aliridhia. Walimu wa maadili hutufundisha kwamba ridhaa ya kweli yataka mambo mawili, kujua na kuwa huru. Mama yule hakujua picha itakwenda wapi wala itakaa miaka mingapi. Na uhuru wake ulikuwa wapi, naye mwanawe ana njaa na gunia liko mbele yake? Anayetaka ridhaa ya haki na agawe unga kwanza, aende zake, kisha arudi siku nyingine kuuliza. Na mtu akisema hapana, fungu lake lisipungue hata kibaba kimoja.

Liko na jambo la pili ambalo halionekani kama picha, nalo ni orodha. Siku hizi vyama vingi huandika majina, namba za simu, maradhi na alama za vidole vya wanaosaidiwa, na kuviweka vyote katika kompyuta. Mwezi wa Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, iliyoanzishwa Geneva mwaka 1863, ilitangaza kwa uchungu kwamba wadukuzi wameingia katika kompyuta zake. Habari za watu zaidi ya 515,000 zilifikiwa, zilizokusanywa na vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu vya nchi zisizopungua 60. Nao walikuwa watu gani? Waliopotezana na jamaa zao kwa vita na maafa, waliotafutwa, waliofungwa. Wadukuzi wale waliingia tarehe 9 Novemba 2021, na hawakugunduliwa mpaka tarehe 18 Januari.

Kamati ile haikuficha jambo, na kwa hilo yastahili sifa. Lakini ikiwa nyumba yenye walinzi wa namna hiyo imevunjwa, tuseme nini juu ya kikundi kidogo ambacho orodha ya wagonjwa wake imo katika simu ya mtu mmoja, naye huituma huku na huku kama salamu za Pasaka? Kenya ilitunga sheria ya kulinda habari za watu mwaka 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hizo ni njema. Lakini sheria ni ua tu. Mwenye kuulinda mji ni dhamiri. Nayo dhamiri yasema hivi: usikusanye usichokihitaji, usikae nacho haja ikiisha, usimpe mtu asiyehusika.

Wazee wetu walilijua neno hili kabla ya kompyuta. Walisema: aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha huingia nyumbani saa ya uchi na udhaifu. Huyaona yasiyoonwa na wengine, kisha hutoka na kukaa kimya, na kwa kimya chake watu humheshimu. Amsaidiaye mwenye njaa naye huingia nyumbani saa kama hiyo. Alichokiona humo si mali yake, wala si mali ya chama chake, wala si ya watoaji wa mbali. Ni amana, na amana yapasa kurudishwa kwa mwenyewe nzima.

Basi tufanyeje? Vyama vya parokia zetu visimpige mtu picha siku ya kugawa msaada, na orodha zishikwe na wawili watatu walioaminiwa. Wazazi wawafundishe watoto wao kwamba picha ya aibu ya mwenzao ikiwafikia, iishie hapo hapo mikononi mwao. Nasi tunaotoa tusiulize, "Picha ziko wapi?" Tuulize, "Hesabu ziko wapi?" Mara nyingi vyama hupiga tarumbeta kwa sababu sisi watoaji twapenda kuisikia.

Hata gazeti hili halina mikono safi. Tumefungua majalada yetu ya miaka iliyopita, tukakuta humo watoto wenye bakuli tupu, hata majina yao tumeyachapa. Tulidhani twawatetea. Twaomba radhi, na tangu juma hili hatutachapa uso wa mtu aliyepokea msaada isipokuwa yeye mwenyewe, akiwa ameshiba na kuelewa, ametaka hivyo.

Mama yule ameondoka kwetu bila jibu la swali lake, na mwanawe twaelezwa kwamba atahamishiwa shule ya mbali ambako hajulikani. Kila aliyekwenda shule katika nchi hii aliwahi kufundishwa: tenda wema uende zako. Kutenda wema tumejitahidi. Kwenda zetu ndiko kulikotushinda. Tungali mlangoni pa maskini, simu mkononi, twamngoja ageuze uso.