Kura Katika Wadi ya Wazazi

Tumfikirie mama mmoja wa Kamachumu, mimba yake ya miezi mitano. Hana uchungu, ila asikia uzito chini ya tumbo. Mkunga ampima, aona mlango wa kizazi umefunguka na chupa yaonekana. Daktari aweza kuushona mlango huo upesi, au kumlaza tu na kungoja.

Ushonaji wenyewe si mgeni. Shirodkar wa Bombay alieleza njia yake mwaka 1955, McDonald wa Australia mwaka 1957. Lakini saa ya hatari kama hii sindano yaweza kuitoboa chupa. Na maambukizo yakiwa yamekwisha kuingia, kuufunga mlango ni kuyafungia ndani, hata uhai wa mama uwe mashakani.

Mwaka 2003 madaktari wa Uholanzi walitangaza jaribio lao la wanawake 23. Kura ndiyo iliyoamua nani ashonwe, nani alazwe tu. Walioshonwa walikaa na mimba siku 54 kwa wastani, wenzao siku 20. Ingawa walioshonwa walipewa na dawa ambayo wenzao hawakupewa.

Je, ni halali kuachia kura jambo la uhai? (Mitume nao walipiga kura walipotafuta wa kushika nafasi ya Yuda, lakini hapo hakuna aliyekuwa hatarini.) Sisi twaona ni halali endapo tu daktari hajui kweli lipi lifaalo. Akijua, kura ni dhuluma. Naye asiyejua, akashona kila ajaye kwa kujiamini tu, huyo pia afanya majaribio, ila haandiki matokeo wala hamwombi mama ruhusa.

Ruhusa hiyo ndiyo itutiayo wasiwasi. Mama aliaye usiku wa manane, mumewe yuko mbali, akubali nini? Heri mambo haya yaelezwe mapema, kliniki, wote wawili wakisikia.

Tena, mimba ya miezi mitano ikiongezewa siku 54 haijatimiza miezi saba. Huko Uholanzi mtoto njiti apokewa na mashine na wauguzi waliofunzwa kazi hiyo. Huku kwetu mara nyingi tegemeo lake kubwa ni kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi. Kwa hiyo jibu la Uholanzi si jibu la Kamachumu, na utafiti wahitajiwa huku pia. Wanaokuja kuufanya waulizwe kwanza, kabla jina la mama wa kwanza halijaandikwa: huyo njiti mtamlaza wapi?