Kuni za Novemba huchanjwa Julai

Mtaa wetu wa Nyakabanda umejengwa mteremkoni. Bati la jirani wa chini liko usawa wa dirisha la jirani wa juu, na moshi wa ua wa huyu unaingia moja kwa moja chumbani kwa yule. Ndiyo maana nikisema kuni kavu ni jambo la adabu kabla ya kuwa jambo la jikoni, watu wa huku hawanishangai.

Siku za kawaida wengi wetu tunapikia makaa au gesi. Ikija harusi, matanga au futari ya watu wengi, masufuria makubwa hutolewa, mafiga yakawekwa uani, na kuni zikaanza kutafutwa siku moja kabla! Muuzaji analeta mkaratusi uliokatwa juzi na kunyeshewa njiani. Mti mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji, na moto hauna budi kuyachemsha hayo kwanza. Ncha za gogo zinatoa povu, wali unachelewa, wapishi wanatokwa machozi, na mtoto wa jirani mwenye pumu anakohoa usiku kucha. Mwenye shughuli anasema, "Mtuvumilie." Watamvumilia. Ila asiuzoee huo uvumilivu wa watu kiasi cha kuutegemea kila anaposahau kujiandaa.

Mvua zetu kubwa hazitushtukizi: Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Desemba. Juni, Julai na Agosti jua ni la bure. Chanja kuni zingali mbichi, maana mkaratusi ukishakauka unalirudisha shoka. Zipange juu ya matofali, uache upenyo wa upepo kati yake na ukuta, na ufunike juu tu kwa kipande cha bati. Anayezizungushia turubai pande zote anazivundika kama ndizi. Vipande vyembamba vitakauka kwa miezi hiyo mitatu; vinene vinataka mwaka au zaidi, kwa hiyo mwenye kuoza binti mwakani aanze sasa. Gonganisha viwili usikie: vikavu vina mlio mkali, vibichi vinadunda tu.

Wanorwe wamevuka mpaka katika hili. Februari 2013 televisheni yao ya taifa ilirusha kipindi cha kuni kilichodumu saa 12, na watazamaji wakalumbana kama gome lielekee juu au chini. Sisi tusifike huko.

Wapo wanaoogopa kuweka akiba wasije wakaambiwa wanafanya ihtikari. Ihtikari ni kuficha bidhaa watu wanayoihitaji ili bei ipande. Matita mawili ya kuni uani kwako hayampandishii mtu bei. Ogopa zaidi kuzipanga kwenye kichochoro cha wote, au juu ya mtaro, mvua ya Aprili ikakosa njia na kuingia kwa jirani wa chini.

Akija mtu Novemba kuomba kuni, mpe. Usimsimulie ulivyohangaika Julai, anaona mwenyewe. Naye aliyeazima kavu asirudishe mbichi, kwani atakuwa amemtwisha mwenzake kazi ya miezi mitatu kwa jina la kulipa deni. Kama hana kavu aseme hana, halafu kiangazi kikifika aje na shoka lake.