Mnyama Mkali Naye Yumo Katika Agano

Masomo: Mwanzo 9:8–17, Kutoka 21:28–32



Mwezi huu nawaandikia juu ya mnyama asiyekuwamo katika pori lo lote la Afrika. Ni chui-milia, ambaye wengine humwita taiga: mnyama wa jamii ya paka, mwenye manyoya ya rangi ya machungwa na milia myeusi, naye aweza kumpita simba kwa ukubwa. Makao yake ni Asia: Bara Hindi, Nepali, Bhutani, Bangladeshi, kisiwa cha Sumatra, Urusi ya mashariki, na nchi nyingine chache. Mtu aweza kusema, yatuhusu nini sisi? Ni swali la haki, nami nitalijibu. Lakini tuanze na Neno.

Baada ya gharika Mungu alifanya agano. Mara nyingi tumelisoma agano lile kana kwamba lilikuwa la Nuhu na wanawe peke yao. Lisomeni tena polepole, mkihesabu. Katika mistari ile kumi Mungu arudia mara kwa mara ya kuwa agano lake ni pamoja na kila kilicho hai kilichotoka katika safina: ndege, na wanyama wa kufugwa, na hayawani wa nchi. Hayawani si mbuzi wa zizini. Nuhu hakuambiwa awachague wenye faida na kuwaacha wengine wafe majini. Mla nyama na mla majani waliingia kwa mlango mmoja. Naye mwenye Zaburi ya 104 awahesabu simba miongoni mwa wale wanaomngojea Mungu awape chakula, na katika kitabu cha Ayubu Bwana mwenyewe amwuliza mtumishi wake kama yeye ndiye amwindiaye simba mawindo. Vijana wetu wa kipaimara, wanapojifunza Kifungu cha Kwanza cha Imani, hukiri ya kuwa Mungu amewaumba wao, na viumbe vyote pamoja nao. Nimesikia wengi wakilitamka neno la kwanza kwa nguvu, na lile la pili wakilipita mbio.

Basi sikieni habari za kiumbe huyu. Karne ya 20 ilipoanza, wenye ujuzi wakisia ya kuwa chui-milia wa mwitu walikuwa wapata 100,000. Mwaka 2010 walikuwa wamebaki kama 3,200. Wale wa kisiwa cha Bali walikwisha kabisa katika miaka ya 1940. Wa Java wakawafuata baada ya miongo michache. Wa pande za Bahari ya Kaspi hawako tena. Nchini Kamboja wa mwisho alionekana katika picha mwaka 2007.

Ni nani aliyewamaliza? Kwanza wakubwa wa dunia, wafalme wa Kihindi na maofisa wa Kiingereza, waliowapiga bunduki kwa mchezo, kisha wakasimama mbele ya mizoga wapigwe picha. Halafu shoka na jembe. Maana chui-milia mmoja ahitaji kwa mwaka wanyama wapata 50 wa ukubwa wa kulungu, na msitu ukifyekwa kulungu hawapo. Halafu fedha. Huko China mifupa yake ilitiwa katika dawa na katika pombe tangu zamani sana. Serikali ilikataza biashara hiyo mwaka 1993, walakini magendo hayakukoma. Katika hifadhi ya Sariska, Bara Hindi, ilitambuliwa mwaka 2005 ya kuwa hakubaki hata mmoja, wote wameuawa na wezi. Walinzi walikuwapo, mishahara ililipwa, na katika vitabu vya hesabu chui-milia walikuwa wakiishi bado. (Wachungaji wenzangu wanaojaza hesabu ya usharika kila mwaka watanielewa.)

Tena si kilio kitupu. Bara Hindi ilitunga sheria ya kuwalinda wanyama mwaka 1972, na tarehe 1 Aprili 1973 ikaanza kazi ya kumhifadhi chui-milia katika hifadhi tisa. Kazi ile ilipanda na kushuka, kama mlivyosikia habari za Sariska. Hesabu ya mwaka 2006 ilionyesha 1,411; ya mwaka 2018, 2,967; ya mwaka 2022, 3,682. Nepali walikuwa 121 mwaka 2009, wakawa 355 mwaka 2022. Katika Urusi ya mashariki walikuwa wamebaki makumi machache tu katika miaka ya 1940, hata serikali ilipokataza kuwawinda mwaka 1947 wakaanza kuzaana tena. Sariska yenyewe ililetewa wengine kutoka Ranthambore mwaka 2008, nao wamezaa. Mwaka 2023 wote wa dunia walikisiwa kuwa 5,574. Hii ndiyo sababu naandika: jambo hili si la kuzika maiti, ni la kumwuguza mgonjwa ambaye ameanza kula.

Sasa niwape swali la mzee mmoja wa usharika, aliyenijia baada ya mafundisho. Alisema, “Baba Mchungaji, huyo mnyama hula watu. Nasi tumwombee azidi?” Hakucheka, wala mimi sikucheka. Mzee huyu kwao ni Lindi, naye anajua anenalo. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliwaua watu zaidi ya 560 katika Tanzania, wengi wao katika mikoa ya kusini, na wengi katika hao walikuwa maskini waliolala mashambani kulinda mazao yasiliwe na nguruwe. Mtu atakayehubiri juu ya wanyama wakali na kuwasahau watu hawa, heri anyamaze.

Na huko Asia ni vile vile. Katika mikoko ya Sundarbans, penye mpaka wa Bara Hindi na Bangladeshi, wavuvi na warina asali huingia kwa mitumbwi, maana hawana shamba wala kazi nyingine, na kila mwaka wengine hawarudi. Mjane wa mtu aliyeliwa huitwa mla mume. Husemwa ya kuwa kisirani chake ndicho kilichomleta mnyama. Hukatazwa kuhudhuria harusi. Na kama mumewe aliingia msituni bila kibali, mara nyingi fidia haipati. Namwona mwanamke huyu amepigwa mara tatu: na mnyama, na jirani, na karani.

Torati yatupa neno hapa, nalo ndilo somo letu la pili. Ng'ombe akimpiga mtu pembe hata akafa, mwenye ng'ombe hana hatia, kama hakujua. Lakini kama ng'ombe yule alizoea kupiga tangu zamani, na mwenyewe akaonywa asimzuie, basi mwenyewe atajibu. Mnaona hukumu ilivyo? Aliyemjua mnyama kuwa ni mkali, naye akataka kuwa naye, amejitwika deni la aliyeumizwa. Chui-milia hana bwana hapa duniani. Ila sisi sote tunaosema, mwacheni aishi, serikali na wenye hoteli za watalii na wakaao mijini na mimi ninayeandika, tumejitia katika mahali pa mwenye ng'ombe. Mjane akidai, anadai kwetu. Kumlinda mnyama na kumtupa mjane si rehema, ni kuiba kwa maskini ili tufurahishe macho yetu. Mzee yule nilimjibu hivyo, akasema, “Hapo sawa,” akaenda zake.

Tena tuulize, mla-watu hutoka wapi? Yuko mtu mmoja ambaye kaburi lake li katika nchi jirani, huko Nyeri, Kenya: Jim Corbett, aliyezaliwa Bara Hindi mwaka 1875. Mwaka 1907 alimwua chui-milia jike wa Champawat, ambaye ilisemwa ya kuwa ameua watu 436. Alipoutazama mzoga aliona meno makubwa ya upande wa kulia, la juu na la chini, yamevunjika. Risasi ya zamani ilikuwa imeyavunja. Corbett aliamini ya kuwa jeraha lile ndilo lililomzuia kukamata mawindo yake ya asili. Fikirini: mtu mmoja alipiga risasi kwa uzembe, akaenda nyumbani kula chakula chake, na vijiji vingi vikalia. Corbett aliwaua wala-watu wengi wengine, lakini kadiri alivyozeeka alizidi kuwa mtetezi wa chui-milia, akaishika kamera kuliko bunduki, akasaidia kuanzishwa mwaka 1936 hifadhi ambayo baadaye ilipewa jina lake. Mwaka 1947 alihamia Nyeri, akafa huko mwaka 1955. Mtu aliyewajua kwa meno yao ndiye aliyewaombea uhai.

Jambo la pili lichungueni kwa haki. Kanisa letu la Kilutheri lina ndugu katika nchi ya chui-milia. Wamisionari wa Gossner walifika Ranchi mwaka 1845, na Kanisa lililozaliwa na kazi ile limejaa watu wa makabila ya misituni, Wamunda na Waoraon. Katika jimbo lile lile, Jharkhand, iko hifadhi ya Palamau, mojawapo ya zile tisa za mwaka 1973. Watu wa namna hii, wakaao misituni tangu mababu, ndio waliohamishwa vijiji vyao mahali pengi ili mnyama apate nafasi. Wengine kwa hiari na kwa malipo, wengine kwa kusukumwa. Walakini si lazima iwe hivyo. Bara Hindi ilitunga mwaka 2006 sheria ya haki za wakaao misituni. Na mwaka 2011 Wasoliga, katika vilima vya Biligiri Ranga huko Karnataka, walipewa haki zao ndani ya hifadhi yenyewe, wala chui-milia hawakutoweka kwa ajili hiyo. Nako Nepali sheria yaruhusu kati ya asilimia 30 na 50 ya mapato ya hifadhi itumike kwa watu walio kando-kando yake. Mtu aliyepata shule na zahanati kwa sababu ya mnyama hatamwuza kwa mfanya magendo.

Sasa lile swali la kwanza: yatuhusu nini? Yatuhusu kwa njia ya mifupa. Chui-milia walipopungua, wanunuzi waligeukia huku; tangu mwaka 2008 mifupa ya simba ilianza kupelekwa Asia kutoka Afrika Kusini, ikashika mahali pa mifupa ya chui-milia. Kucha na meno navyo vina wateja, na mwitu wetu umeanza kuonja tamaa ile ile. Kwa hiyo msharika ye yote akiletewa ukucha, jino, mafuta au ngozi ya simba au chui, awe mganga ndiye anayeleta au mgeni mwenye fedha, na akatae, kisha atoe habari kwa askari wa wanyamapori. Hirizi ya ukucha wa simba ni dhambi mara mbili, kwanza juu ya Amri ya Kwanza, kisha juu ya kiumbe. Nao wenzetu wafanyao biashara huko Guangzhou na miji mingine ya Asia wakionyeshwa pombe yenye mifupa, au wakiitwa walipe ili wapigwe picha na mtoto wa chui-milia aliyefungwa mnyororo, wasitoe hata senti.

Yatuhusu pia kwa njia ya tanzi. Katika hifadhi za Vietnam, Laosi na Kamboja mitego ya waya ilikisiwa mwaka 2020 kuwa zaidi ya milioni 12. Tanzi halichagui, limetegwa kwa nguruwe, lamnasa mama mwenye watoto, nao watoto wa chui-milia humtegemea mama yao kwa muda wa kama miaka miwili. Waya ule ule umo katika mapori yetu, tena nyakati nyingine mkono ulioutega ni mkono unaopokea Meza ya Bwana. Wainjilisti, semeni nao faraghani, msianze na kuwaaibisha mbele ya watu. Ulizeni kwanza nyumbani mwao kuna nini cha kula.

Sumu ni mbaya kuliko tanzi. Aprili 2018 simba 11, majike na watoto wao, walikutwa wamekufa kwa sumu katika hifadhi ya Queen Elizabeth, Uganda. Sumu ikitiwa katika mzoga hufa simba, na fisi, na tai, hata mbwa wa mwenye kuitia. Namhurumia mfugaji aliyepotewa na ng'ombe wake, maana ng'ombe ni ada ya shule na ni mahari. Ila iko njia iliyo bora. Huko Simanjiro wafugaji wamezungushia maboma yao waya unaoshikwa na miti hai inayomea, na simba hapiti. Wazee wa usharika wenye mifugo wangefanya vema kutuma watu wawili wakajifunze, na gharama ya safari si kubwa kuliko thamani ya ndama mmoja.

Tarehe 29 Julai imewekwa tangu mwaka 2010 kuwa siku ya kumkumbuka chui-milia duniani. Jumapili iliyo karibu na siku hiyo nawaomba, katika maombi ya Kanisa zima, mwataje kwanza wajane wa Sundarbans na waliofiwa wa Lindi na Rufiji, kisha askari wa hifadhi wanaolala porini, kisha ndugu zetu wa Ranchi, kisha mnyama mwenyewe. Sadaka ya siku ile, usharika ukikubali, iwekwe kwa ajili ya mtu wa kwetu aliyejeruhiwa na mnyama au aliyeliwa mifugo, apewe kabla hajafikiria sumu.