Sauti Nazo ni Kumbukumbu

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtunzi wa muziki R. Murray Schafer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, walizunguka Vancouver na vinasa sauti. Hawakutafuta waimbaji. Walinasa kengele za makanisa, mawimbi ya bahari, na honi nzito za kuonya meli wakati wa ukungu. Mwaka 1973 wakazitoa kwenye santuri.

Sisi picha tunapiga kila siku, sauti tunaziacha zipotee. Kinu kinatwangwa, muuza kahawa anagonganisha vikombe vyake, na simu tunayo mfukoni. Leo rekodi sauti moja ya mtaani kwako, kisha andika mahali na tarehe. Wajukuu watakushukuru.