Kabla Hujachomeka Ule Waya

Mjukuu wangu,

Mama yako alinipigia simu jana usiku. Hakulalamika, ila nilimsikia. Anasema umepata kazi ya mtandaoni, ya kusikiliza mazungumzo yaliyorekodiwa na kuyaandika, na sasa unataka TV ya sebuleni iwe skrini yako ya pili. Kazi hiyo imenifurahisha sana. Nami nimeshika TV kwa mikono hii miaka mingi hapa Jericho, tangu zile zenye mgongo mpaka hizi nyembamba, kwa hivyo nisikilize kwanza.

Tuanze na ukuta. Nilipokuja kwenu Umoja niliona plagi ya TV, ile ya miguu miwili, imesukumwa ndani ya soketi ya matundu matatu baada ya mtu kufungua tundu la juu kwa kalamu ya biro. Kwenye kila ploti huku kwetu wanafanya hivyo. Plagi ya namna hiyo hukaa kwa kulegea, hutoa cheche, na siku moja huunguza soketi. Nunua adapta ya miguu mitatu, bei yake haifiki nauli yako ya siku mbili.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wengi hawajaambiwa. TV nyingi huundwa bila waya wa ardhi, na umeme kidogo sana huvujia kwenye chuma chake. Ndio ule unaokutekenya vidole ukigusa nyuma yake. Haukudhuru wewe, lakini ukichomeka HDMI huku TV na laptopu zote ziko kwenye stima, umeme ule hutafuta pa kupitia, na pa kupitia ni zile pini 19 nyembamba za HDMI. Mimi niliwahi kuua tundu la HDMI la TV ya mteja hivyo hivyo. Alileta TV mpya aliyoinunua kwa pesa za chama, nikachomeka haraka haraka ili nimwonyeshe picha, nikasikia "tik" moja ndogo. Picha haikutokea tena kwenye tundu lile. Nilinunua bodi nyingine kwa pesa yangu, na yule mama hakuwahi kuniangalia kama zamani.

Kwa hivyo zima TV ukutani, si kwa rimoti. Chomoa chaja, laptopu ibaki na betri yake. Unganisha waya pande zote mbili, ndipo uwashe TV, halafu urudishe chaja. Na stima ikipotea, chomoa TV papo hapo. Inaporudi, hurudi kwa kishindo.

Ukienda Luthuli kununua waya, beba laptopu yenyewe. Hizi za mtumba kutoka Uingereza nyingine zina tundu la VGA peke yake, lenye vishimo 15 kwa safu tatu. VGA ni ya mwaka 1987, inapeleka picha tu, haipeleki sauti. Muuzaji atakupa waya wenye kichwa cha VGA huku na cha HDMI kule, akuapie kwamba utafanya kazi. Usilipe. Ishara za VGA na za HDMI ni za aina mbili tofauti kabisa. Lazima kiwepo kifaa cha kuzibadilisha katikati, na mwambie akijaribu mbele yako. Hata laptopu yenye USB-C ijaribu hapo dukani, kwa kuwa si kila tundu la USB-C linatoa picha.

Sasa umeunganisha. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P. Utapewa njia nne, na hapa ndipo ninapotaka utulie. Ukichagua Duplicate, kila kilicho kwenye laptopu kinaonekana kwenye TV: ujumbe wa WhatsApp, salio la benki, picha uliyotumiwa na rafiki asiye na adabu, na mdogo wako ameketi kwenye kochi. Ukichagua Extend, TV inakuwa meza ya pili, na juu yake kunakaa kile ulichokipeleka wewe kwa mkono wako. Chagua Extend. Zima arifa zote. Kingo za picha zikikatika, tafuta kwenye mipangilio ya TV, kwenye ukubwa wa picha, neno kama Just Scan au Screen Fit.

Usidhani pia kwamba skrini kubwa inabeba mengi. TV nyingi za inchi 32 zina nukta 1366 kwa 768 tu, sawasawa na laptopu nyingi za zamani. Herufi zitakuwa kubwa, nafasi itabaki ile ile. Weka huko mwongozo wa mteja au ile programu ya kuchezea sauti, na maandishi yako yabaki karibu na macho.

Kuhusu sauti nakuomba kwa dhati. HDMI ikishaunganishwa, kompyuta mara nyingi huhamishia sauti kwenye spika za TV. Watu unaowasikiliza wanaongea mambo yao: mgonjwa na daktari, wakili na mteja wake. Kuta za ploti unazijua. Tunayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini hata kabla ya sheria kuna amana. Rudisha sauti kwenye vipokea sauti vya masikioni kabla hujafungua faili ya kwanza.

Tatizo la kugombania TV ya familia si geni. Mwaka 1982 kompyuta za nyumbani kama ZX Spectrum na Commodore 64 ziliuzwa bila skrini. Ulizichomeka kwenye TV ya familia, na mtoto akiandika programu, baba hakuona habari. Huku kwetu televisheni ilianza mwaka 1962, na kwa miaka mingi nyumba moja yenye TV ilikuwa ya mtaa mzima. Nimekua nikitazama mpira kupitia dirisha la jirani, nimesimama juu ya jiwe, na hakuna aliyetufukuza. Ndiyo sababu moyo wangu haukubali TV ifungiwe mtu mmoja, hata akiwa na kazi nzuri.

Mama yako anarudi kutoka sokoni Mutindwa miguu imevimba. Habari za Kiswahili zinaanza saa moja jioni. Saa moja kasorobo uwe umehifadhi kazi yako, umezima, umechomoa waya na kuuviringa kwa upole bila kuuvunja shingo. Na tokeni changia. TV ya LED ya ukubwa huo inakula kama wati 40. Saa nane za kazi ni karibu thuluthi moja ya uniti. Si pesa nyingi, lakini aone umeileta wewe kabla hajaiomba.

Nitakuja Jumamosi na testa yangu tukague ile soketi. Mpaka nifike, usiiguse.

Babu yako