Mwenye Nguvu Mpishe?



Wahenga walisema: Mwenye nguvu mpishe. Maneno haya husemwa kwa tabasamu, na mara nyingi ni shauri jema. Mtu mwenye busara hasimami mbele ya fahali aliyekasirika ili kuthibitisha kwamba njia ni ya wote. Lakini pako mahali ambapo usemi huu umeacha kuwa shauri, ukawa sheria, ingawa hakuna bunge lililoupitisha. Mahali hapo ni barabarani, na jambo hili latupasa tulitazame kwa makini, maana ndani yake limejificha swali kubwa kuliko lionekanavyo: Je, nguvu humpa mwenye nayo haki zaidi, au humwongezea wajibu?

Twende Lyamkena. Hii ni kata mojawapo ya mji wa Makambako, mkoani Njombe. Mji wenyewe umekaa penye njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma hukutana hapo na barabara iendayo Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ina stesheni yake hapo hapo. Serikali ya Wazungu wachache wa Rhodesia ilipojitangazia uhuru mwezi Novemba 1965, Zambia ililazimika kutafuta njia nyingine ya kupitisha mafuta na shaba yake. Ndipo njia hii, ambayo wakati ule ilikuwa ya udongo, ilipojaa malori. Lami ilifuata baadaye. Hata leo mizigo ya Zambia na ya Kongo hupita hapo usiku na mchana. Na kandokando ya malori hayo hupita mwenyeji wa mahali, juu ya baiskeli yake. Baiskeli zilipita katika nchi hii kabla ya lami, wala hazikuomba ruhusa kwa lori.

Simama kando ya barabara kuu ya mji huo asubuhi moja ya mwezi Juni au Julai, baridi ikiwa kali na ukungu haujainuka. Utamwona mtu akija na gunia la viazi lililofungwa juu ya keria, nalo limejazwa lumbesa. Kwa kuwa uzito wote umekaa nyuma, gurudumu la mbele limekuwa jepesi na usukani unatetemeka mikononi mwake. Nyuma yake linakuja lori lenye trela. Dereva anapiga honi, si mara moja, bali mfululizo. Yule mtu hana nafasi ya kugeuka kutazama, kwani akigeuza shingo mzigo utamwangusha. Anaiacha lami na kuingia begani mwa barabara, ambako ukingo umelika na changarawe zinateleza. Lori linapita. Upepo wake unamsukuma kwanza, kisha unamvuta. Akibahatika, anabaki wima. Asipobahatika, viazi vinatawanyika, na lori limekwisha kwenda zake.

Sasa tuulize: mtu huyu amepisha, au amefukuzwa? Matendo haya mawili hufanana kwa macho, lakini kwa hakika yako mbalimbali kama mbingu na ardhi. Kupisha ni adabu. Mtu humpisha mwenziwe kwa hiari yake, na aliyepishwa hushukuru. Kufukuzwa ni kunyang'anywa. Nasi tumezoea kuliita la pili kwa jina la kwanza, na kwa sababu ya jina hilo zuri dhamiri zetu zimelala.

Huenda msomaji mmoja atasema: "Lori limelipa ushuru na leseni, na baiskeli haikulipa kitu, basi barabara ni ya lori." Hoja hii husikika mara nyingi, lakini haina miguu. Barabara ile ilijengwa kwa fedha za umma na kwa mikopo ambayo umma ndio ulioilipa. Mkulima wa viazi anunuapo sabuni na sukari, analipa kodi. Tena, kama haki ya kupita ingepimwa kwa ushuru, ingebidi mtoto aendaye shule kwa miguu asiwe na haki hata kidogo, kwa kuwa yeye hakulipa chochote. Hakuna mtu mwenye akili atakayekubali jambo hilo.

Mwingine atasema: "Lori ni zito, haliwezi kusimama upesi, hivyo baiskeli ndiyo iondoke." Hoja hii ni nzito zaidi, nasi hatuwezi kuipuuza. Ni kweli lori halisimami upesi. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hukata meta 22 kwa kila sekunde, yaani kabla mguu wa dereva haujafika kwenye breki limekwisha kwenda masafa ya nyumba kadhaa. Tena kishindo cha kugonga hakiongezeki sawasawa na mwendo, bali huongezeka kupita mwendo. Kutoka kilometa 50 hadi 80 nguvu ile huwa zaidi ya mara mbili na nusu. Lakini, ndugu, ukweli huu unashuhudia upande gani? Asiyeweza kusimama upesi ndiye anayepaswa kupunguza mwendo mapema. Uzito wa lori ni sababu ya dereva kujihadhari zaidi, si hati ya kumwondoa mwingine njiani. Ndiyo maana Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka kilometa 50 kwa saa kuwa kikomo ndani ya makazi ya watu, na hata nje ya makazi magari mazito hayaruhusiwi kupita 80. Sheria imemfunga mwenye nguvu kwanza.

Mtu mgeni wa mambo ya dini huenda akashangaa kwamba jambo la baiskeli na malori linaingizwa humu. Ajue kwamba Islamu haikuacha njia bila haki zake. Mtume Mtukufu s.a.w. aliwaonya masahaba wasikae njiani. Nao walipoeleza kwamba hawana pengine pa kuzungumzia, aliwaambia basi waipe njia haki yake, na miongoni mwa haki hizo akataja kujizuia kuudhi watu. Alifundisha pia kwamba kuondoa chenye kudhuru njiani ni tawi mojawapo la imani. Ikiwa kuuondoa mwiba ni imani, tufikiri wenyewe hali ya yule ambaye amekuwa ndiye mwiba.

Lakini liko fundisho jingine ambalo, kwa maoni yangu, lagusa moja kwa moja jambo letu. Imepokewa katika Bukhari kwamba aliyepanda mnyama ndiye amsalimie aendaye kwa miguu, na aendaye amsalimie aliyeketi. Tazama mpango huu! Desturi ya dunia ni kwamba mdogo humwamkia mkubwa na wa chini humwamkia wa juu. Hapa aliye juu ya farasi ndiye aanze. Wanazuoni wameeleza hekima yake kwamba ni ili mpandaji asiingiwe na kiburi kwa sababu ya urefu wa kipando chake. Nayo Kurani Tukufu, katika sura Bani Israil aya 38, yatukataza kutembea juu ya ardhi kwa majivuno. Salamu ya mpandaji wa leo ni honi. Mwenye kufikiri ajiulize kama honi zinazopigwa kule Makambako zinafanana na salamu.

Mafakihi nao hawakunyamaza. Majalla, yaani mkusanyo wa sheria za Kiislamu uliotengenezwa katika dola ya Kituruki kati ya 1869 na 1876, ulieleza kwamba kila mtu ana haki ya kupita katika njia ya watu wote, lakini haki hiyo imefungwa na sharti la usalama: asimdhuru mwingine katika jambo ambalo ingewezekana kujiepusha nalo. Hii ndiyo kanuni nzima kwa maneno machache. Nayo mataifa ya Ulaya yameifikia kwa njia yao. Ujerumani mwaka 2020 iliandika katika sheria kwamba gari linalompita mwenye baiskeli liache nafasi ya meta 1.5 mjini na meta 2 nje ya mji. Uingereza, Januari 2022, iliingiza katika kanuni zake za barabarani kwamba wale wawezao kudhuru zaidi wana wajibu mkubwa zaidi. Walifika huko baada ya kuzika wengi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote, na zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki.

Hata hivyo tusimhukumu dereva peke yake. Huyo naye ni mtu. Amekesha njiani, na mwajiri anamhimiza afike upesi. Na wewe msomaji, ambaye huenda baiskeli yako imeegemea ukuta hapo nje, je, ina taa? Yuko apandaye usiku bila taa mbele wala kiakisi mwanga nyuma, amevaa koti jeusi, kisha akigongwa husemwa ni kudra ya Mungu. Wako waendao wawili wawili sambamba wakipiga soga katikati ya lami. Wako vijana wadandiao nyuma ya malori kwenye vilima ili wavutwe. Mtu kama huyo amemtwika dereva asiye na kosa damu ambayo dereva hatailala maisha yake yote. Huo nao ni udhalimu, ingawa umetendwa na mnyonge.

Na kuna jambo ambalo sisi wapanda baiskeli hatupendi kulisikia. Bibi mzee anapita na mzigo wa kuni kichwani, njia ni nyembamba, nasi tunapiga kengele, tena kwa hasira kama yule dereva, naye anaingia majanini na umande. Mbele ya lori sisi ni wanyonge. Mbele ya bibi yule sisi ndio lori.

Basi honi ikilia nyuma yako kule Lyamkena, ufanye nini? Ondoka kwenye lami, ndugu. Kuilinda roho ni wajibu, wala hukuamriwa kufa kwa ajili ya meta moja ya lami. Lakini usiseme moyoni kwamba dereva alikuwa na haki. Tuseme angepunguza mwendo, akasubiri mpaka upande wa pili uwe wazi, kisha akapita mbali nawe. Angepoteza labda sekunde 20, katika safari ya zaidi ya kilometa 900 kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma. Madereva wa namna hiyo wapo. Huja polepole nyuma ya mwenye gunia, hungoja, na wakishampita, utingo hutoa mkono dirishani na kumpungia.