Nani Mwajiri wa Dereva wa Mkataba?

Katika Makambako, mji wa mkoa wa Njombe ambamo barabara ya Songea huchepuka kutoka barabara kuu iendayo Tunduma na ambamo reli ya TAZARA hupita, riziki ya wengi hutoka barabarani, wakiwemo madereva wa malori ya masafa na vijana wa bodaboda wa kata kama Lyamkena, wanaobeba abiria na vifurushi vinavyoshushwa na mabasi. Wengi wa vijana hao hufanya kazi kwa "mkataba", neno ambalo vijiweni humaanisha kwamba mwenye pikipiki humkabidhi dereva chombo, naye dereva humpelekea hesabu, yaani kiasi maalumu cha fedha kila siku au kila wiki, mpaka muda waliokubaliana utimie na pikipiki iwe yake. Hapo huzaliwa swali lililo la maadili kabla halijawa la sheria: mtu anayebeba hasara za kazi, kuanzia pancha hadi ajali, ilhali hana kauli katika kupanga hesabu, je, ni bwana wa nafsi yake, au ni mfanyakazi aliyepewa jina la mfanyabiashara?

Fikihi ya Kiislamu, yaani elimu ya hukumu za sheria ya dini, huwagawa watu wa ujira katika mafungu mawili. Ajiri khasi ni yule anayeuza muda wake kwa mtu mmoja, naye hustahili ujira kwa kujitoa tu, hata kama siku hiyo kazi ilikosekana. Ajiri mushtaraka, kama dobi au fundi cherehani, huuza kazi yake kwa kila ajaye na hulipwa kwa kazi iliyokamilika. Mwenye pikipiki anaweza kujibu kwamba yeye hakuajiri mtu wa fungu lolote bali amekodisha chombo, na jibu hilo si la kupuuzwa, kwa kuwa kukodisha kitu ni halali kama kukodi nguvu za mtu. Hata hivyo, dereva ambaye siku ya mvua hulala na deni la hesabu amekosa ulinzi wa fungu la kwanza bila kupata uhuru kamili wa fungu la pili, na kulibadilisha jina la makubaliano hakuiondoi hali hiyo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, inafuata mantiki iliyo karibu na hiyo: mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwapo hata dalili moja kati ya kadhaa, zikiwemo kuongozwa na mwingine katika kazi, kumtegemea kiuchumi, au kupewa naye vitendea kazi.

Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wa Laborem Exercens wa mwaka 1981, alimtofautisha mwajiri wa moja kwa moja na yule asiye wa moja kwa moja, yaani watu na taasisi ambazo, bila kutia saini na mfanyakazi, huamua masharti ambayo kazi yake itafanyika. Fundisho hilo linawagusa wenye mizigo wanaotumia mawakala, kwa kuwa wajibu haupungui kwa kupitia mikono mingi. Mgomo wa madereva wa mabasi na malori wa Aprili 2015, ambao pamoja na kupinga masharti mapya ya mafunzo ulidai mikataba ya ajira, ulionyesha kwamba hata dereva ambaye mwajiri wake anajulikana huweza kukosa karatasi ya kuthibitisha hivyo.

Ugumu mkubwa zaidi, ambao watetezi wa vyama vya wafanyakazi hawapendi kuutaja, umo ndani ya madereva wenyewe. Tarehe 21 Novemba 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba wapeleka chakula wa Deliveroo hawakuwa katika uhusiano wa ajira unaolindwa na haki ya chama cha wafanyakazi, hasa kwa sababu waliruhusiwa kumtuma mtu mwingine badala yao. Mtu huyo Tanzania anajulikana sana: ni deiwaka, anayeazimwa chombo kwa saa chache na kumpelekea dereva wa mkataba hesabu ndogo, ili huyo naye ampelekee mwenye mali hesabu kubwa. Hapo mdai haki hugeuka mdaiwa, kama mtumishi wa Injili ya Mathayo, sura ya 18, aliyesamehewa deni kubwa kisha akamkaba koo mwenzake kwa deni dogo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka waajiriwa wasiopungua 20 ili chama kisajiliwe, idadi ambayo vijiwe vichache vikiungana vinaweza kuipata. Lakini umoja unaotaka kukaa meza moja na wamiliki unapaswa kwanza kuamua kama jina la deiwaka litaandikwa katika daftari la wanachama, na nani atalipia matibabu yake akianguka na pikipiki ambayo si yake wala ya aliyemwazima.